Sanduku la mboga: vigurudumu vinne, magurudumu mawili au kitoroli?

Nyanya zangu za kwanza za kwenye sanduku zilikufa mwezi wa pili, mvua ikiwa haikatiki. Sanduku lilikuwa uani, hapa Uyole, Mbeya, hatua sita kutoka barazani. Majani yalilowa usiku na mchana, madoa ya kahawia yakaanza pembeni, na haikupita wiki mbili bakajani chelewa, huu ukungu wetu wa kila masika, ulikuwa umemaliza mashina yote. Hatua sita tu. Chini ya bati la baraza majani yangekaa makavu, na ukungu huo bila majani mabichi kwa maji haupati pa kuanzia. Tulijaribu kulisukuma watu watatu, likagoma.

Tangu hapo nimehangaika na masanduku ya kila namna: yangu hapa Uyole, la mama kule Tukuyu, na ya wifi yangu Njombe. Majirani wananiuliza swali lilelile, waweke magurudumu gani. Nami huwajibu kwa maswali mawili: udongo wako una kilo ngapi, na sanduku litapita wapi?

Mvua siyo sababu pekee ya kutaka sanduku linalohama. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi wa 6 jua la saa sita mchana hupita kaskazini, nyuzi kama 32 kutoka utosini. Mwezi wa 12 huhamia kusini, nyuzi kama 14. Kwa hiyo mboga zilizokaa vizuri chini ya ukuta wa kusini wa nyumba wakati wa Krismasi, ikifika Juni zinashinda kivulini, tena ndio miezi ya baridi inayohitaji jua. Njombe na Makete kuna sakitu, ile barafu nyeupe ya alfajiri inayounguza majani ya nyanya na maharage kama moto. Kuna mvua ya mawe. Kuna kuku wa jirani. Na wapangaji wana siku ya kuhama nyumba.

Mambo ya kupima kwanza

Nitazipima njia zote tatu kwa vipimo vilevile: uzito, njia, kutulia, fundi na matunzo, kisha inamfaa nani. Uzito nitaueleza hapa kwa kirefu, maana ndio unaotuangusha wengi.

Chukua sanduku la kawaida, urefu sentimita 90, upana 45, kina 30, udongo umejaa mpaka sentimita 27. Hizo ni lita 109 hivi. Udongo wa bustani ulioshiba maji hufika kilo 1.6 kwa lita, yaani kilo 175. Ongeza mbao za paini za inchi moja, kama kilo 15 zikiwa kavu. Jumla 190. Fundi wangu wa kuchomelea aliposikia hesabu hiyo aliniambia, "Dada, hiyo ni pikipiki pamoja na dereva wake." Ndivyo ilivyo, na pikipiki ina matairi ya upepo na beringi nzuri.

Udongo unaweza kupunguzwa uzito. Changanya udongo, mboji na maganda ya mpunga, ambayo kwenye mashine za kukobolea za Kyela na Mbarali yamerundikana. Wa Rungwe mna na kokoto nyepesi za volkano. Mchanganyiko wangu, ukiwa umelowa, unakaribia kilo 1 kwa lita, na sanduku lilelile linashuka hadi kilo 125. Usinisadiki mimi: toboa ndoo ya lita 10 chini, ijaze udongo wako, mwagia maji mpaka yachuruzike, kisha ipeleke kwenye mizani ya dukani. Gawanya kwa 10, zidisha kwa lita za sanduku lako. Kazi ya dakika kumi, na inaokoa fedha ya magurudumu yasiyofaa.

Mchanganyiko mwepesi hukauka upesi zaidi upepo wa Septemba na Oktoba ukianza. Utamwagilia mara nyingi kuliko jirani mwenye udongo mzito.

Kuhusu njia, itembee kwa miguu ukiwa na futi mkononi. Pima kila ufa, kila mfereji, kila kizingiti, na upana wa mlango mwembamba kuliko yote. Kutulia maana yake ni sanduku kubaki ulipoliacha, upepo ukivuma na mtoto akiliegemea.

Vigurudumu vinne chini ya sanduku

Hivi ni kama vya kitanda cha hospitali, kimoja kila kona.

*Uzito.* Kila kigurudumu kizuri huandikwa kilo kinachobeba. Usigawanye uzito wa sanduku kwa nne, gawanya kwa tatu, kwa sababu sakafu zetu hazijanyooka na mara nyingi kigurudumu kimoja huelea, vitatu vikabaki na mzigo. Sanduku la kilo 190 linataka kigurudumu cha kubeba kilo 64 au zaidi. La kilo 125 linataka cha kilo 42. Vile vidogo vya viti vya ofisini usiviguse.

*Njia.* Zege laini na vigae ndiyo makao yake. Ukubwa wa gurudumu ndio unaoamua: la milimita 50 hukwama kwenye kokoto moja, la milimita 75 linapita zege iliyopigwa vizuri, la milimita 100 au 125 linavuka maungio ya matofali ya kutandaza uani. La plastiki ngumu hubingirika kwa urahisi lakini linapiga kelele na kushika kila ufa. La mpira linasamehe. Kwenye udongo mbichi vyote vinazama, hata vile vikubwa. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu ndilo kosa ninaloliona zaidi: mtu ananunua vigurudumu vizuri kwa bei kubwa, ua wake ni wa udongo, na masika yakija sanduku linakaa palepale kama zamani.

*Kutulia.* Weka breki angalau kwenye viwili. Breki inazuia gurudumu lisizunguke, haizuii lisiteleze, kwa hiyo uani kwenye mteremko weka na jiwe au kabari upande wa chini. Sanduku linapanda juu sentimita 12 hivi, na hilo lina mema na mabaya. Hewa inapita chini na ubao wa sakafu haulowani kila siku. Lakini nyanya zenye miti ya kuegemea, juu ya sanduku lenye upana wa sentimita 45 tu, ni rahisi kupinduka. Sukuma kwa urefu wa sanduku, mikono ikiwa chini kwenye ubao, kamwe usishike miti.

*Fundi na matunzo.* Sanduku langu la pili nilifunga vigurudumu kwa skrubu za mbao. Kimoja kikaingia kwenye ufa wa zege, nikasukuma kwa nguvu, kikang'oka na kipande cha ubao. Sasa napitisha mbao mbili za 2x4 chini ya sakafu ya sanduku, natoboa mpaka upande wa pili, nafunga kwa bolti, washa na nati. Bolti zifungwe kabla ya udongo kuingia. Vigurudumu viwili viwe vya kuzunguka, yaani vinavyogeuka kila upande, na viwili vya kwenda mbele na nyuma tu, hapo sanduku linafuata unakolielekeza. Ukihitaji kulipenyeza pembeni kwenye kona finyu, fanya vyote vinne vya kuzunguka. Matundu ya kutolea maji yatobolewe mbali na vigurudumu, maana maji ya samadi yanakula chuma. Grisi kidogo kabla ya mvua na baada ya mvua. Sanduku likikaa miezi kadhaa bila kusogezwa, liinue juu ya matofali, vinginevyo mpira wa gurudumu hubonyea upande mmoja na baadaye unadundadunda.

*Inamfaa nani.* Mwenye ua wa zege na baraza la usawa mmoja, anayesogeza mara kwa mara, hata kila siku, tena akiwa peke yake. Hesabu yake inakuwa ngumu masanduku yakiongezeka: masanduku matano ni vigurudumu ishirini.

Magurudumu mawili makubwa na mikono

Sanduku linageuzwa toroli: upande mmoja magurudumu, upande wa pili miguu miwili ya mbao na mikono ya kunyanyulia.

*Uzito.* Hapa mgongo wako unabeba sehemu, na unaweza kujua ni kiasi gani kabla hujaenda kwa fundi. Tuseme ekseli imekaa sentimita 15 kutoka mwisho wa sanduku, na mikono imetokeza sentimita 60 upande wa pili. Katikati ya mzigo ni sentimita 30 kutoka kwenye ekseli, mikono yako ni sentimita 135. Zidisha kilo 190 kwa 30, gawanya kwa 135, unapata kilo 42. Kwa sanduku la kilo 125 ni 28. Kurefusha mikono kunapunguza, lakini kona za ua haziruhusu mikono ya mita mbili. Kusogeza ekseli kuelekea katikati nako kunapunguza, ila ukipitiliza sanduku litabinuka upande wa pili ukiwa umelinyanyua.

*Njia.* Hapa njia hii haina mshindani. Gurudumu la toroli la upepo, kubwa na pana, linapita udongo, nyasi, changarawe na vijifereji. Mama yangu Tukuyu, mahali pasipokauka, ana ua wa udongo mwekundu, na sanduku lake linatembea hata mwezi wa nne. Mteremkoni kaa upande wa juu wa sanduku siku zote, liwe linapanda au linashuka, ili likikushinda lisikufuate.

*Kutulia.* Likiwekwa chini linakaa kwa miguu yake, halihitaji breki. Iringa mjini na Makambako, ambako upepo hauombi ruhusa, nalipenda kwa sababu hiyo. Udongo ukiwa laini weka tofali au jiwe bapa chini ya kila mguu, la sivyo mguu mmoja utazama na maji yote yatakusanyika pembe moja.

*Fundi na matunzo.* Lazima mchomeleaji, au fundi seremala anayejua kazi ya mikokoteni. Magurudumu ya toroli lililochakaa yanafaa kabisa, na ndiyo yanayoshusha gharama. Magurudumu ya baiskeli yanawavutia watu kwa sababu yapo kila mahali, lakini ekseli yake ni nyembamba na imetengenezwa kushikwa pande mbili kama kwenye uma wa baiskeli. Ukiifunga upande mmoja tu, inapinda. Spoku nazo hazipendi mzigo wa kuvutwa ubavuni pale unapogeuza sanduku zito. Kama ni ya baiskeli, basi kila gurudumu lipate chuma pande zote mbili. Pancha zitakuwepo, tairi likilala na mzigo bila upepo kwa miezi, kuta zake zinapasuka.

*Inamfaa nani.* Mwenye ua wa udongo, mwenye nguvu za kunyanyua au kijana nyumbani, anayesogeza mara chache kwa mwezi. Halimfai mwenye maumivu ya mgongo, wala baraza jembamba, kwa kuwa mikono inakula nafasi.

Kitoroli kimoja kwa masanduku yote

Masanduku yanabaki bila magurudumu. Unatengeneza jukwaa dogo la mbao za 2x4 lenye vigurudumu vinne vizuri, na siku ya kuhamisha unalipitisha chini ya sanduku moja baada ya lingine.

*Uzito.* Kwa kuwa unanunua vigurudumu vinne tu, nunua vya nguvu kuliko unavyohitaji. Kazi iko kwenye kupakia. Masanduku yote yawe na miguu: kama kitoroli kina kimo cha sentimita 17, miguu iwe 16, na nafasi kati ya miguu ikitoshe kitoroli. Unainua upande mmoja sentimita mbili tatu kwa mtaimbo, mwenzako anakisukuma ndani, kisha upande wa pili. Masanduku mliyokwisha kuyatengeneza bila miguu yatawatesa.

*Njia.* Sawa na vigurudumu vinne, ila unaweza kuweka vya milimita 125 au zaidi bila kuona uchungu wa bei. Ukitandika mbao ndefu chini kama reli, kitoroli kinapita hata uani pa udongo. Polepole, lakini kinapita.

*Kutulia.* Sanduku linatua kwa miguu minne. Hakuna kinachotulia zaidi. Likiwa juu ya kitoroli, lifunge kwa kamba.

*Fundi na matunzo.* Seremala yeyote. Ukimaliza unakiweka stoo, kavu, hakipati kutu wala jua. Na kinaazimika: mtaani kwetu kimoja kinazunguka nyumba nne.

*Inamfaa nani.* Mwenye masanduku mengi anayehamisha mara mbili tatu kwa mwaka, akifuata jua au kukimbia masika. Anayeuza miche kando ya barabara. Mpangaji. Hakimfai anayeishi peke yake, kwa sababu kupakia kunataka watu wawili, wala anayetaka kuingiza mboga kila jioni.

Na kama unahamisha mara moja kwa mwaka, huenda huhitaji gurudumu lolote. Vipande vitatu vya bomba la chuma la inchi moja na nusu, mbao mbili za kutandika chini, unasukuma. Bomba la nyuma likitoka unalikimbiza mbele. Masanduku mafupi unaweza kuyapitishia miti miwili ubavuni na kuyabeba kama machela.

Kwa hali yako

Ua wako ni wa zege, kama nyumba nyingi za Mbeya mjini, na shida ni nyanya na masika: vigurudumu vinne vya milimita 100, bolti, udongo mwepesi. Ndicho ninachotumia, na mwezi wa pili nyanya zangu zinalala barazani.

Ua ni wa udongo na sanduku ni moja au mawili: magurudumu mawili ya toroli. Wengine wanaona bora kumwaga njia nyembamba ya zege kutoka bustanini hadi barazani na kufunga vigurudumu. Mita nne au tano za njia nafuu kuzifikiria, mita ishirini hapana.

Njombe, Makete na kote kwenye sakitu: usiku wa baridi mboga zinataka kuingia jioni na kutoka asubuhi, na adui wako ni kizingiti. Kizingiti cha sentimita 15 kikiwekewa ubao wa mita 1.5 kinakuwa mteremko wa moja kwa kumi. Sanduku la kilo 125 litataka msukumo wa kilo 12 au 13, ukiongeza na wa kushinda msuguano. Mtu mzima anaweza. Wifi yangu alifanya hivyo msimu mmoja, kisha akaona kwa mboga fupi kama spinachi na saladi ni rahisi kusimamisha vijiti na kufunika kwa turubai jioni. Nyanya pekee ndizo alizoziachia magurudumu.

Upepo mkali na mimea mirefu: miguu ya mbao iguse chini, kwa hiyo magurudumu mawili au kitoroli. Ukipenda vigurudumu vinne, panua sanduku lifike sentimita 60, na upime mlango kwanza.

Mpangaji: tengeneza masanduku ya sentimita 45 kwa 45. Kila moja ni nusu ya uzito, na kitoroli kimoja kinatosha mpaka kwenye guta siku ya kuhama.

Mzee anayelima peke yake: hayo hayo madogo, kila moja na vigurudumu vyake, udongo mwepesi. Usimpe mikono ya kunyanyua.

Na kama sanduku tayari limejaa na mboga zimekua, usiliinue kwa jeki ili ufunge vigurudumu. Subiri uvune. Toa udongo kwenye viroba, geuza sanduku juu chini, kagua sakafu kama haijaoza. Mbao kama ni zile za kijani zilizotiwa dawa, tandika nailoni ndani, itobolewe palipo na matundu ya maji, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina arseniki na hapo unapanda chakula. Funga 2x4, funga bolti, ligeuze, lisukume tupu kwenye njia nzima mpaka unapotaka lifike na urudi nalo. Likikwama likiwa tupu, tengeneza hapo palipokwama kabla hujarudisha kiroba cha kwanza.